Kisima Si Sadaka: Parokia Zetu na Deni la Maji Vijijini

Katika vijiji vyetu vingi mgeni hapati taabu kuonyeshwa kisima. Taabu huanza pale anapoomba maji ya kunywa. Ataongozwa hadi kwenye sakafu ya zege iliyopasuka, ataona mkono wa pampu ulioota kutu, na kando yake atasoma kibao chenye jina la mfadhili, tarehe ya uzinduzi na jina la mgeni rasmi aliyekata utepe. Kibao kingali kinasomeka vizuri. Maji yaliacha kutoka zamani, na akina mama wamekwisha kurudi kwenye kijito kile kile walichokuwa wakichota kabla ya utepe kukatwa.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Wizara ya Maji ya Tanzania ilikusanya takwimu za vituo vya kuchotea maji kijiji kwa kijiji, nyingi kati ya mwaka 2011 na 2013, na sehemu kubwa ya takwimu hizo ikawekwa wazi kwa watafiti. Katika orodha ya vituo 59,400 iliyotolewa, vituo 32,259 vilikuwa vinafanya kazi, 4,317 vilikuwa vinatoa maji huku vikihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa. Yaani katika kila vituo vitano, karibu viwili havikuwa na tone. Mengi yamejengwa tangu wakati huo na sina nia ya kuyabeza. Lakini takwimu hizo ziligharimu fedha nyingi kuzikusanya, na somo lake halijazeeka: tatizo letu kubwa si kushindwa kuchimba, ni kushindwa kuendelea kuchota.

Katika makala haya nataka kuzungumza na parokia. Neno hilo nalitumia kwa upana, nikijumuisha pia sharika za Kilutheri na mitaa ya Kianglikana. Nazungumza nazo kwa sababu katika maeneo mengi ya vijijini ndizo zenye zahanati, shule, gari linalofika mjini na anwani ya marafiki walioko Ulaya na Marekani. Fedha nyingi za visima hupitia mlango wa nyumba ya mapadri kabla ya kufika ofisi ya kijiji. Mwenye mlango ana wajibu. Na hoja yangu kwake ni moja: parokia iache kuhesabu visima ilivyochimbiwa, ianze kuhesabu miaka ambayo maji yanatoka bila kukatika, na kabla haijaomba kisima kipya, itoe hesabu ya vile vilivyotangulia.

Tulikotoka

Vijana wengi ninaowafundisha huamini kwamba habari ya maji vijijini ilianza na wafadhili wa juzi. Haikuanza hivyo. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lake lilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400. Ulikuwa mpango wenye utu, uliomwona mkulima wa Sengerema na wa Newala kuwa na haki sawa na karani wa Dar es Salaam.

Wafadhili waligawana mikoa. Wasweden walichukua Kagera, Mwanza na Mara. Wafini, Mtwara na Lindi. Wadenmaki, Iringa, Mbeya na Ruvuma. Waholanzi, Shinyanga na Morogoro. Wanorwe, Rukwa na Kigoma. Kila mmoja alikuja na wahandisi wake, na mara nyingi na aina ya pampu aliyoipenda yeye. Yeyote aliyewahi kuhangaika na vipuri anajua maana yake: kifaa cha Afridev hakiingii kwenye Nira, na duka la wilayani haliwezi kuweka akiba ya vipuri vya pampu za kila taifa. Kisha bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979 tukiwa tumetoka vitani na Idi Amin, na mitambo ya dizeli ikanyamaza kwa kukosa mafuta. Mwaka 1991 ulipofika, kilichofika nao hakikuwa maji ya mita 400. Ilikuwa Sera mpya ya Maji, ambayo pamoja na ile iliyoifuata mwaka 2002 ilimwambia mwanakijiji kwamba sasa achangie, amiliki na aendeshe mwenyewe.

Kuna kitabu ambacho kila mwanafunzi wa maendeleo Afrika Mashariki angepaswa kukijua. Kinaitwa Drawers of Water, kilichapishwa mwaka 1972 na Gilbert White, David Bradley na Anne White, baada ya utafiti wa miaka ya 1960 katika maeneo mbalimbali ya Kenya, Uganda na Tanzania. Miaka 30 baadaye watafiti wengine walirudi katika maeneo yale yale. Walikuta kwamba katika kaya zenye bomba, matumizi ya maji kwa mtu yalikuwa yameshuka kwa karibu nusu, na katika kaya zisizo na bomba, muda wa kuchota ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara tatu. Tafakari jambo hilo. Kizazi kizima cha miradi, semina, makongamano na uzinduzi, na mama mwenye ndoo alitumia muda mrefu zaidi kuliko mama yake.

Nani yupo mwaka wa sita?

Kwa nini hali huwa hivi? Jibu la haraka, ambalo nimelisikia katika ofisi za umma na katika vikao vya kanisa, ni kwamba wanakijiji hawana utamaduni wa kutunza mali. Jibu hilo ni la uvivu. Mwanakijiji yule yule hutunza baiskeli kwa miaka 20, huweka kiraka juu ya kiraka, na hujua ni fundi gani mwenye bei nafuu. Anaitunza kwa sababu anajua ni yake, anajua ikiharibika nani atembee kwa miguu, na anaweza kupata tairi gulioni. Mpe pampu ambayo hajui ni ya nani, ambayo vipuri vyake haviko wilayani, na ambayo fedha zake anazishika mtu asiyesoma hesabu hadharani, kisha useme hana utamaduni!

Sababu ya kweli iko kwenye kalenda. Mpira wa ndani ya pampu ya mkono huchakaa na kuhitaji kubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Mradi wa mfadhili huisha ndani ya miaka miwili au mitatu, na ripoti ya mwisho huandikwa wakati pampu ingali mpya. Paroko huhamishwa. Mbunge na diwani huhesabu miaka mitano hadi uchaguzi. Mkandarasi huondoka siku anayolipwa. Kwa hiyo kila mwenye sauti katika jambo hili ana thawabu siku ya kufungua kisima, na hakuna hata mmoja mwenye thawabu siku ya kukikarabati. Mwaka wa sita, pampu inapokatika, anayebaki pale ni binti wa darasa la tano mwenye dumu kichwani, na yeye hayumo kwenye kamati yoyote.

Ndiyo maana nasema kisima si sadaka. Sadaka ya kawaida hukamilika mkononi mwa anayeipokea: umempa mwenye njaa chakula, amekula, Mungu akulipe. Kisima hakikamiliki siku kinapotolewa. Siku hiyo ndipo gharama zake zinapoanza. Ni ahadi ya kila siku kwa miaka 20 na zaidi. Ndugu zetu Waislamu, ambao nao hupokea visima vingi kutoka kwa wahisani wa nchi za Ghuba, wana neno zuri kwa jambo hili, sadaka jariya, yaani sadaka inayoendelea kutiririka. Basi isipotiririka, ni jariya ya wapi? Kibao kikibaki na maji yakakauka, kilichodumu ni jina la mtoaji peke yake.

Barua ya kisima cha tatu

Hivi karibuni nilitumiwa rasimu ya barua kutoka parokia moja ya Kanda ya Ziwa ninayoifahamu tangu utotoni. Niliombwa ninyooshe Kiingereza chake kabla haijatumwa kwa marafiki wa ng'ambo. Ilikuwa barua nzuri ya kusikitisha: watoto wanakunywa maji ya bwawa pamoja na ng'ombe, wanawake wanaamka alfajiri, magonjwa ya kuhara hayaishi. Kila neno lilikuwa la kweli. Mwisho wake iliomba kisima kirefu kimoja.

Jambo ambalo barua haikulisema ni kwamba parokia hiyo ina visima viwili tayari. Kimoja kimesimama kwa sababu ya mipira na mabomba mawili ya chini. Fundi alikwisha kukitazama, na gharama aliyoitaja ni ndogo kuliko chakula kilicholiwa siku ya uzinduzi. Cha pili kinatoa maji mekundu yenye ladha ya chuma, yanayotia doa kwenye nguo na kubadili rangi ya ugali, kwa hiyo watu wamekiacha. Hakuna aliyewahi kuyapima maji hayo tangu siku ya kwanza, wala kuuliza kama kutu hiyo inatoka ardhini au kwenye mabomba yenyewe ya chuma, jambo linalofahamika sana kwa mafundi mahali penye maji yenye asidi.

Niliirudisha rasimu na maswali pembezoni. Visima viwili vya kwanza vina hali gani? Nani anashika fedha zake? Je, vimesajiliwa popote? Vyoo vya kanisa na shule vina hali gani? Jibu lilitoka kwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei, mzee ninayempa heshima zake zote, aliyenibatiza jina la utani kabla sijajua kusoma. Aliniambia: "Mwanangu, tukiwaambia Wazungu kwamba viwili vimekufa, nani atatoa cha tatu?"

Nakiri kwamba swali la mzee lina akili kuliko vitabu vingi. Ameielewa biashara ya misaada kuliko wanaoifundisha. Anajua kwamba umaskini huuzika na matengenezo hayauziki. Kwamba kuna fedha za kununulia kitu kipya chenye picha, na hakuna fedha za mipira ya pampu. Hata hivyo, hoja yake ndiyo kamba inayotunyonga. Tukificha visima viwili vilivyokufa ili tupate cha tatu, tutalazimika kukificha cha tatu ili tupate cha nne. Na wafadhili wanaotaka kusikia habari za kufungua tu, wasiotaka kusikia habari za kukarabati, wanapaswa kuambiwa ukweli huo na watu wanaowaheshimu. Msimamo wangu niliompelekea mzee ni kwamba barua hiyo iandikwe upya: iombe mipira, mabomba ya plastiki badala ya chuma, upimaji wa maji na mafunzo ya mafundi wawili. Ikiwa rafiki wa ng'ambo atakataa barua ya namna hiyo, tutakuwa tumejua urafiki wake ulikuwa na nani.

"Maji ni haki, kwa nini tulipe?"

Najua wanaharakati watanijia juu hapa. Watasema kwamba tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu, na kwamba Papa Fransisko alisisitiza haki hiyo katika waraka wake wa mwaka 2015, Laudato Si'. Ni kweli. Lakini haki ya kupata maji haiondoi gharama ya kuyatoa ardhini. Swali ni nani alipe nini.

Tufanye hesabu kwa viwango vya Sera yetu wenyewe. Kituo kimoja cha maji kinakusudiwa kuhudumia watu 250, kila mmoja lita 25 kwa siku. Hizo ni lita 6,250, yaani ndoo 312 za lita 20. Tuseme, kwa mfano tu, kila ndoo ichangiwe shilingi 20. Kwa siku ni zaidi ya shilingi 6,200, na kwa mwaka zaidi ya shilingi milioni 2.2. Punguza nusu kwa ajili ya siku za mvua, wazee, wajane na wagonjwa ambao kijiji kitawasamehe. Bado inabaki zaidi ya milioni moja. Kiasi hicho kinatosha kununua mipira na kumlipa fundi posho. Hakitoshi kuchimba upya kisima kilichokauka wala kubadili mfumo mzima wa mabomba. Hapo ndipo mpaka unapopaswa kuwekwa: mtumiaji abebe uendeshaji wa kila siku, na Serikali ibebe matengenezo makubwa na upanuzi.

Mpaka huo Serikali nayo isiukimbie. Kwa miaka mingi lugha ya "umiliki wa jamii" imetumika kama kichaka cha kujificha. Mkazi wa Mikocheni hajawahi kuitwa kwenye kikao kumchagua mweka hazina wa bomba lake. Ana mamlaka ya maji, wahandisi, mafundi wanaolipwa mshahara na namba ya simu ya kupiga. Mwanakijiji, ambaye ana kipato kidogo zaidi, ndiye anayetakiwa awe mhandisi, mhasibu na mlinzi kwa kujitolea. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 ilijaribu kurekebisha hilo kwa kuanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai 2019, na kwa kuvipa nguvu ya kisheria vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Ni hatua njema. Lakini chombo kisicho na fundi anayelipwa ni kamati ya zamani iliyobadilishiwa jina.

Na hapa parokia zinahusika moja kwa moja. Kisima cha parokia ambacho hakijaunganishwa na chombo hicho ni yatima wa kisheria. RUWASA itasema ni cha kanisa. Kanisa litasema ni cha kijiji. Kijiji kitasema funguo ziko kwa Baba Paroko. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mahali ambapo msemo huo umetimia kama kwenye mifuko ya maji.

Mfano wa kinyume upo kwa majirani zetu. Huko Meru, Kenya, bruda wa Shirika la Wakonsolata aitwaye Giuseppe Argese alianza kukinga maji ya msitu wa Nyambene kwa ajili ya nyumba ya watoto wenye ulemavu pale Tuuru. Kazi hiyo ilikua ikawa mtandao mrefu wa mabomba unaohudumia watu wengi wa Igembe na Tigania. Wapo wanaoueleza kama muujiza. Mimi naona jambo la kawaida zaidi: mtu mwenye ujuzi alikaa na mabomba yale kwa miongo kadhaa, akafundisha wengine, wala hakuhama baada ya uzinduzi. Si kila parokia itapata bruda wa kuishi na bomba maisha yake yote. Ndiyo maana sisi wengine tunahitaji chombo, mkataba, daftari na mshahara wa fundi.

Choo ambacho hakuna anayekizindua

Hadi hapa nimezungumzia maji pekee, kama wanavyofanya wafadhili. Kosa hilo la kutenganisha maji na choo nalo linaua. Kipindupindu kilicholipuka Agosti 2015 kiliwapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Mdudu wake hatoki kwenye pampu iliyoharibika. Anatoka kwenye kinyesi cha binadamu, akisaidiwa na mvua, mikono na vyombo vya kuhifadhia maji. Unaweza kuchimba kisima chenye maji safi kabisa, mama akachota, akafika nyumbani, mtoto akatumbukiza kikombe kwa mkono uliotoka chooni, na fedha zote za mfadhili zikaishia hapo.

Nani amewahi kuona mgeni rasmi akikata utepe wa choo? Nendeni siku ya Kipaimara mkaone. Waumini mia kadhaa wanatoka vigango vyote, wanakaa kuanzia asubuhi hadi jioni, wanapika, wanakula, na nyuma ya kanisa kuna matundu mawili yasiyo na mlango wala maji ya kunawa. Mahali hapo, kwa siku moja, pana mkusanyiko mkubwa kuliko gulio. Au nendeni kwenye shule zilizo jirani na kanisa. Kiwango chetu cha taifa ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabuni matundu, kisha hesabuni wasichana, na muulize binti aliye kwenye hedhi anakwenda wapi saa nne asubuhi. Jibu la wengi ni kwamba anakwenda nyumbani, na siku hizo zikijumlishwa kwa mwaka zinakuwa wiki nyingi za masomo.

Taifa hili limewahi kufanya vizuri zaidi kwa fedha kidogo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Sehemu kubwa ya kaya zetu za vijijini kuwa na choo cha aina fulani, tofauti na nchi nyingine nyingi, ni urithi wa miaka ile. Kilichobaki sasa ni ubora: sakafu inayosafishika, mfuniko, mlango, na kibuyu chirizi chenye sabuni kando yake. Hakuna kati ya hivyo kinachohitaji barua kwenda ng'ambo. Parokia ina mtandao ambao Wizara ya Afya ingeutamani, yaani Jumuiya Ndogo Ndogo zinazokutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Jumuiya inayoweza kukusanya michango ya jubilei ya padri inaweza kuhakikisha kwamba kila nyumba inamosalia ina choo bora.

Nini kifanyike

Napendekeza mambo yanayowezekana kuanza mwaka huu. Parokia iandike orodha ya visima vyote vilivyochimbwa kwa jina lake, hali ya kila kimoja na mwaka kiliposimama, na ibandike orodha hiyo kwenye mlango wa kanisa na kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Visima hivyo viunganishwe na chombo cha watoa huduma ya maji kilichosajiliwa, kwa mkataba unaosema nani anatengeneza nini. Kukabidhi huko kusiwe kunawa mikono: parokia ibaki kuwa shahidi wa hesabu, isomewe mapato na matumizi kila miezi mitatu kama inavyosomewa sadaka ya Jumapili. Mweka hazina awe mtu anayechota maji yeye mwenyewe, na katika vijiji vyetu huyo kwa kawaida ni mwanamke.

Maji yapimwe kabla kisima hakijapokelewa. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga kuna maji yenye floraidi inayozidi kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na floraidi ikizidi hubadili meno rangi na kupinda mifupa ya watoto. Pampu inayotoa maji ya namna hiyo inafanya kazi katika takwimu na inadhuru katika miili. Choo kisichimbwe karibu na kisima: kikae mita 30 au zaidi, na kwenye mteremko wa chini. Na parokia ijiwekee sheria yake ndogo kwamba haitaomba kisima kipya ikiwa cha zamani kinaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo.

Kwa mtumishi wa umma anayesoma haya: usikubali tena kuandika katika ripoti yako idadi ya miradi iliyokamilika bila kuandika pembeni idadi ya miradi inayotoa maji leo. Wewe ndiye unayejua tofauti yake, na ukinyamaza, mkubwa wako atasoma namba aliyoipenda. Kwa mwanaharakati: kampeni ya kudai kisima ni rahisi kuliko kampeni ya kudai kasma ya matengenezo katika bajeti ya wilaya, lakini ya pili ndiyo itakayookoa watoto wengi zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tumekuwa taifa la kujenga kuta.

Kwa mwanafunzi wangu anayetafuta mada ya tasnifu: rudi kwenye parokia yenu likizo hii na daftari. Tafuta vibao vyote vya visima, andika tarehe zilizoandikwa juu yake, kisha waulize akina mama maji yalikoma lini. Tofauti kati ya tarehe hizo mbili ndiyo umri halisi wa maendeleo yetu. Iandike, ilete darasani, na ipeleke nakala kwa paroko na kwa meneja wa RUWASA wa wilaya yenu, ukiwaomba wajibu kwa maandishi.